Kijiko cha Kutolea Uboho

SWALI: Shikamoo Shangazi. Jumapili wakwe zangu wanakuja kula kwangu, nami nataka kuwapikia osobuko, ule muundi wa ndama wa watu wa Milano. Nasikia kuna kijiko chake cha kutolea uboho. Je, ni lazima niwe nacho? Hapa Nairobi nitakipata wapi?
Mpishi wa Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kijiko hicho kipo. Ni kirefu, chembamba, chenye umbo la mfereji ili kipenye kwenye tundu la mfupa bila kukwama. Waingereza wa karne ya 18 walivifua kwa fedha, ncha moja pana na nyingine nyembamba, maana matundu ya mifupa hayalingani. Mpe kila mgeni chake. Uboho ndio utamu wa chakula hiki, na mbele ya wakwe hakuna atakayethubutu kuugonga mfupa kwenye sahani.

Vyangu vilitengenezwa Kamukunji. Nilimpelekea fundi wa jua kali vijiko vya chai vya mpini mrefu, vya chuma kisichoshika kutu, akavikunja kingo kwa nyundo. Nenda na mfupa wenyewe apimie, na umwambie azisugue kingo kwa msasa zisimkate mtu ulimi.

Hata hivyo, mimi nahofia zaidi upakuaji. Nyama hii ikiiva huachana na mfupa. Ukiichota kwa upawa, uboho unadondokea mchuzini na wageni wanaletewa mfupa mtupu! Tumia mwiko bapa wa chuma, kama ule wa kugeuzia samaki, uuingize chini ya kipande kizima. Kabla ya kukaanga, funga kila kipande kwa uzi wa pamba, kisha uukate wakati wa kupakua. Na kule buchani sisitiza wakate kwa msumeno, unene wa sentimita 4 hivi. Shoka hupasua mfupa, vichenga vikajificha ndani ya uboho.

Visu vikali usivipange mezani. Uma unatosha, ukishindwa kuikata nyama, basi haijaiva. Ya ndama huchukua kama saa 2, na ukikosa ndama ukanunua muundi wa ng'ombe mkubwa, ongeza saa nzima au zaidi. Risoto ya zafarani, yaani ule wali laini wa Kiitaliano, ipakue kwenye sahani hiyohiyo, ili mtu akishautoa uboho auchanganye nayo ingali moto.