MDA ya damu ikipanda, ni retina inayosema?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Nimepima MDA (malondialdehidi, masalio ya mafuta yaliyooksidika) kwenye seramu, yaani majimaji ya damu iliyoganda, ya wagonjwa wa kisukari wenye retinopathi (uharibifu wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), nikalinganisha na watu wasio na kisukari. Ya wagonjwa iko juu mno. Je, niandike kwamba retina zao zina msongo wa oksidi, yaani zinaharibiwa na kemikali kali za oksijeni? Sampuli chache zilikuwa na rangi ya waridi.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Tuanze na hiyo rangi ya waridi, maana ndiyo iliyonishtua.

Seramu nzuri ni ya manjano iliyofifia. Ikiwa ya waridi, seli nyekundu zimepasuka: pengine sindano ilikuwa nyembamba mno, au tyubu ilitikiswa kwa nguvu. Kipimo cha MDA kwa TBA (kemikali inayotoa rangi ikikutana na MDA) husomwa kwenye nanomita 532, na himoglobini nayo hufyonza mwanga karibu na hapo. Tena chuma chake huchochea mafuta kuoksidika pale pale unapochemsha sampuli, kwa hiyo unapima MDA uliyoitengeneza mwenyewe. Kama ulipima pia SOD, kimeng'enya kinachoondoa supaoksaidi (kemikali kali ya oksijeni), hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwani seli nyekundu zimejaa kimeng'enya hicho. Safari ijayo chukua plazima (majimaji ya damu isiyoganda) kwenye tyubu ya EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, iweke kwenye barafu, itenganishe mapema, ongeza BHT, kizuia uoksidishaji, kabla ya kuchemsha, na uhifadhi kwa nyuzi -80.

Sasa retina. Wazo lako lina msingi: sukari ikizidi, mitokondria za seli za mishipa hutoa supaoksaidi nyingi, na retina imejaa DHA, mafuta yanayooksidika upesi. Lakini retina ni tishu ndogo sana. MDA iliyo kwenye damu ya mkono inatoka mwili mzima: ini, figo, mishipa mikubwa, hata sigara. Ulichoonyesha ni kwamba wenye kisukari wanatofautiana na wasio nacho. Kundi unalolikosa ni wagonjwa wa kisukari wasio na retinopathi, wenye umri, miaka ya ugonjwa, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache) na hali ya figo inayofanana na ya wagonjwa wako. Bila hao, nisingekuruhusu kuitaja retina kwenye hitimisho.

Kilicho karibu zaidi na retina ni vitriasi, ute unaojaza jicho kwa ndani, inayotolewa wakati wa upasuaji wa jicho. Ichukue kwa mgonjwa ambaye tayari anafanyiwa upasuaji huo kwa matibabu yake, kwa ridhaa yake na kibali cha kamati ya maadili.

Zile za waridi zitoe kwenye uchambuzi, na uandike ni ngapi.