Mjomba anasema ninyamaze nimalize shahada

SWALI: Ninatoka Dodoma na ninasoma shahada ya uzamili kaskazini mwa Uingereza. Muhula uliopita mhadhiri aliniuliza mbele ya darasa ni nani aliyenisaidia kuandika insha, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kizuri mno; hakuna mwingine aliyeulizwa. Mlinzi wa maktaba hunidai kitambulisho huku Wazungu niliofuatana nao wakipita. Nyumbani nilikuwa Mgogo na mtoto wa mwalimu, wala sikuwahi kujifikiria kuwa mtu mweusi. Huku ni mweusi kwanza, mengine baadaye. Mjomba, anayenilipia ada, anasema ninyamaze nimalize. Je, huu ni ubaguzi, au ninajishtukia tu?
Msomaji, Uingereza

JIBU: Hujishtukii, dada. Wengi wanaopatwa na jambo kama lako hutaka kwanza kujua kama mhadhiri ana chuki moyoni, jambo ambalo huwezi kulithibitisha na yeye hatalikiri. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 haikutwishi mzigo huo. Inauliza kama ulitendewa vibaya kuliko wenzako kwa sababu ya rangi, uraia au asili yako. Na katika unyanyasaji yaweza kutosha kwamba kitendo kilikuvunjia heshima, hata kama aliyekitenda hakukusudia, mradi ni haki kukiona hivyo.

Swali la “nani alikusaidia” lina ukoo mrefu, na sehemu ya ukoo huo ni vyuo vyenyewe. Mwaka 1869 Francis Galton, msomi wa Kiingereza aliyeheshimiwa sana, aliandika kwamba akili ya Mwafrika iko takriban daraja mbili chini ya ile ya Mwingereza, na alipofariki mwaka 1911 aliachia University College London fedha za kuanzisha uprofesa wa nadharia yake ya kuamua ni watu gani wafaao kuzaa. Jina lake lilibaki kwenye ukumbi wa mihadhara wa chuo hicho hadi mwaka 2020. Mhadhiri wako huenda hajasoma hata ukurasa mmoja wa Galton, lakini mshangao wake mbele ya insha nzuri ya Mwafrika haukuzuka hewani.

Wala hauko peke yako. Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya Uingereza ilieleza mwaka 2019 kwamba asilimia 24 ya wanafunzi wa jamii za wachache walikuwa wamenyanyaswa kwa sababu ya rangi tangu waanze masomo, na wengi wao hawakuripoti.

Nadhani wengi wao walikuwa na mjomba. Nia yake ni njema, ila hajui kwamba ukimya una gharama yake: madai ya ubaguzi dhidi ya chuo kwa kawaida hupaswa kufikishwa mahakamani ndani ya miezi sita tangu tukio, na shahada yako ni ya mwaka mzima. Akihofia viza, mweleze kwamba kulalamika si kosa la uhamiaji, na kwamba Sheria hiyohiyo ya Usawa inakataza chuo kulipiza kisasi kwa mlalamikaji.

Nina neno pia kwa sisi Waafrika Mashariki, ambao tukifika huko hupenda kusema kwamba Wakaribi, yaani watu weusi wenye asili ya visiwa vya Karibi, wanalalamika kupita kiasi. Ni Wakaribi wa Bristol waliosusia mabasi mwaka 1963, kampuni ilipokataa kuajiri makondakta weusi, na miaka miwili baadaye Uingereza ikapata sheria yake ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Leo hii andika tarehe, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, na majina ya waliosikia. Kila mlinzi anapokuzuia, andika saa na ni nani waliopita bila kuulizwa. Nenda kwa mshauri wa chama cha wanafunzi, kwa kuwa yeye si mwajiriwa wa chuo, akusaidie kuandika malalamiko rasmi. Chuo kikishatoa uamuzi wa mwisho usiouridhia, dai barua ya kuthibitisha kwamba hatua za ndani zimekamilika. Ukiwa nayo una miezi 12 ya kufika bila malipo kwa ofisi huru inayosikiliza malalamiko ya wanafunzi wa England na Wales. Ofisi hiyo haitakusahihishia insha upya, kwani alama ni uamuzi wa kitaaluma, lakini inaweza kuchunguza jinsi chuo kilivyoshughulikia malalamiko yako.