Fundi wako ana umri gani?

Nina Peugeot 504 ya mwaka 1978 na Hilux dabo kebini ya dizeli. Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza kama auze pikapu yake anunue gari la zamani kama langu. Nami humuuliza: fundi wako ana umri gani?

Sitanii. Mwaka juzi 504 ilinizimikia karibu na Mombo, jua la saa nane. Nikafungua distributa, kile kigawa umeme wa plagi; platini, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi zipige cheche, zimeungua. Nikazipiga msasa, nikapima nafasi kwa kipande cha pakiti ya sigara nilichookota kando ya barabara, nikapiga stata, ikaitika. Wapenzi wa magari ya zamani huishia kusimulia hapo. Hawasemi kwamba platini mpya nilizisaka siku tatu kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, na mara ya kwanza nikauziwa za gari jingine. Tena mzee aliyekuwa akiniwekea taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, kwa sikio tu ameshaacha kazi. Vijana wa gereji ya mtaani kwetu wakifungua boneti wanatafuta pa kuchomeka kompyuta ya kupimia.

Hilux nayo ilinitia adabu. Nilijaza dizeli chafu njiani, taa ya injini ikawaka, nguvu zikaisha, hata tuta ikawa kazi kulipanda. Hapo msasa una faida gani? Ikabebwa hadi mjini, ikapimwa kwa kompyuta, nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini zikasafishwa na moja ikabadilishwa. Kwa bili ile ningepaka rangi 504 nzima. Siku hizi filta ya dizeli naibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Muuzaji atakuambia 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Kweli, ila ile ya 1978 ilikuwa kupe, ya milango miwili na injini ya V6 yenye silinda sita, si hiyo unayooneshwa. Wewe inua zulia, lala chini ya gari, gongagonga kwa bisibisi chini ya milango. Injini yake hufumuliwa ikafungwa upya, na vali zake huendeshwa kwa cheni, si kwa mkanda wa mpira. Bodi iliyooza ndiyo itakayokufilisi.

Kwenye barabara ya vumbi 504 inaelea. Pikapu ikiwa tupu inakurusharusha, ndiyo maana mama mkwe akienda kanisani haitaki kabisa. Lakini nikisafiri na watoto nachukua Hilux, na hilo sibishani na mtu: ina mifuko ya hewa, ina ABS, breki zisizoacha magurudumu yakwame, kila kiti kina mkanda. Langu la mwaka 1978 halina mikanda nyuma.

Kwa hiyo pikapu usiuze. Kama 504 imekuingia moyoni, iwe gari la pili, na spea za kuharibika haraka nunua mbilimbili. Kesho mahindi yanakwenda sokoni kwa Hilux. Mwenzake yuko juu ya mawe, anasubiri mpira wa rediata kutoka Nairobi.