Jibu: Mtoto ametanguliza matako, mbona madaktari wawili wananambia tofauti?

Dada wa Wete, pole kwa hofu. Umeuliza kwa nini daktari wa kwanza kakwambia upasuaji moja kwa moja, na bingwa wa uzazi kasema atakutazama kwanza, nawe una wiki 35.

Mimi ni mkunga, na nakwambia tofauti iko mikononi. Mwaka 2000 ulitoka utafiti mkubwa wa nchi 26, ukaonesha kuwa upasuaji wa kupangwa ni salama zaidi kwa mtoto aliyetanguliza matako. Tangu hapo hospitali nyingi duniani zikaegemea kisu, na madaktari waliosoma baadaye wengi hawakupata kuizoea njia ya kawaida. Kazi yenyewe ni subira: kiwiliwili kinashuka chenyewe, humvuti, unangoja mpaka uone nywele za kisogoni ndipo usaidie kichwa. Ukivuta kwa pupa, mikono ya mtoto hupanda juu na kichwa kikakwama. Asiyezoea akichagua upasuaji, kafanya la haki kabisa.

Usikate shauri leo. Baadhi hugeuka wenyewe. Ikifika wiki 37 bado, muulize bingwa kama anaweza kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo. Hufanikiwa karibu nusu ya mara, na lifanyike palipo na chumba cha upasuaji. Nakuomba sana, asikukande mtu tumbo nyumbani, hata awe bibi yako. Na chupa ikivunjika, hata usiku wa manane, nenda hospitali papo hapo: kamba ya kitovu inaweza kutangulia.