Postikadi za mzaha husomwa kuanzia mgongoni

Anayeokota postikadi ya zamani ya kuchekesha huikimbilia picha, akacheka au akakunja uso, yakaishia hapo. Lakini mzaha ule ulichorewa mtu aliyejua kofia za wanawake zilikuwa pana kiasi gani mwaka 1908, nani alikuwa akidai kura, na samaki anahusiana vipi na tarehe 1 Aprili. Igeuze kadi kwanza. Tarehe hupatikana nyuma, na utani usio na tarehe ni mchoro tu.

Tazama kama mgongo una mstari wa katikati. Usipokuwapo, upande wote ulikuwa wa anwani, na mtumaji alibana maneno yake pembezoni mwa picha. Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe, nusu ujumbe na nusu anwani, mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani tarehe 1 Machi 1907. Kadi ya Marekani iliyochapwa "Private Mailing Card" ni ya kati ya 1898 na 1901. Kisha stempu: ndani ya Uingereza kadi ilisafiri kwa nusu peni hadi Juni 1918, ikapanda kuwa peni moja. Kwenye kadi zilizosafishwa kama picha za kamera, chungulia kisanduku cha stempu. Neno AZO, chapa ya karatasi ya picha, lenye pembetatu nne zinazoelekea juu ni la karatasi ya takriban 1904 hadi 1918.

Muhuri wa posta ndio unaowaponza wengi. Unataja siku kadi ilipotumwa, wala si ilipochapwa, na kadi iliweza kukaa dukani miaka kadhaa. Mwanamke mwenye kofia kubwa kama mwavuli, muhuri wa 1914, si ushahidi kwamba mtindo ule ulikuwa bado unatamba.

Sasa rudi mbele. Swali la kujiuliza si "watu waliishi hivi?" bali "walikuwa wanabishania nini?" Chukua kadi za kupinga kura ya wanawake. Mwaka 1909 kampuni ya Dunston-Weiler ya New York ilitoa seti ya kadi 12. Humo utamkuta mwanamume amebaki nyumbani kulea mtoto huku mke yuko kwenye siasa. Ukiandika kwamba wanaume wa wakati ule walikuwa wanalea, umeusoma mzaha kichwa chini. Picha inachekesha kwa sababu jambo lenyewe halikuwa kawaida, na inauma kwa sababu kuna walioliogopa. Vivyo hivyo kadi za mwaka mrefu, hasa za 1908 na 1912, ambamo wanawake wanawakimbiza makapera ili wawapose: desturi ilimpa mwanamke ruhusa ya kuposa katika mwaka wenye Februari 29, na wachoraji wakaigeuza kuwa uwindaji. Ujumbe wa nyuma hukata mzizi wa fitina. Mara nyingi umeandikwa na mwanamke, tena kwa mwanamke mwenzake, na unauliza habari za mafua tu.

Desturi nyingine hazikisiki. Kadi ya Kifaransa yenye msichana aliyekumbatia samaki haihusu uvuvi hata kidogo. Ni "poisson d'avril", yaani samaki wa Aprili, salamu ya siku ya kudanganyana, na mara nyingi ilitumwa bila jina ili mpokeaji abaki akijiuliza nani anamtaka. Yule kiumbe mwenye pembe na ulimi mrefu wa kadi za Austria ni Krampus, anayetoka usiku wa Desemba 5, mkesha wa Mtakatifu Nikolasi, kuwaadhibu watoto watukutu. Kwenye kadi za watu wazima anawafuata wasichana, na hapo utani ni wa mapenzi.

Za Marekani zenye hindi moja linalojaza mkokoteni zinataka lenzi. William H. Martin wa Ottawa, Kansas, alizitengeneza kuanzia mwaka 1908 hivi: alikata picha kwa mkasi, akazibandika juu ya nyingine, akapiga picha upya. Kagua kingo za kile kikubwa, kisha uelekeo wa vivuli. Hindi likimulikwa kutoka kushoto na farasi kutoka kulia, umeshauona mshono.

Kadi za ufukweni za Uingereza, zile za mke mnene, mume kimbaumbau, kasisi na mlevi mwenye pua nyekundu, zina mtego wake: vichekesho vilevile vilichapwa upya kwa miongo. Donald McGill, bingwa wa fani hiyo, alishtakiwa mjini Lincoln mwaka 1954 kwa uchafu wa kadi zake, akatozwa faini ya pauni 50 na gharama za pauni 25. Usiipe tarehe kadi ya aina hii kwa mzaha wake. Itafute kwenye nguo za kuogelea na bei ya stempu.

Stempu iliyobandikwa upande inaweza kuwa lugha ya wapenzi, lakini miongozo iliyochapwa ya kuifasiri lugha hiyo ilipingana, kwa hiyo usitafsiri kwa uhakika. Maandishi yaliyogeuzwa yasome kwa kioo. Kadi ilikuwa wazi mbele ya tarishi na nyumba nzima, na watu walijificha walivyoweza.

Kabla ya kununua, pima. Kadi nyingi za zamani ni takriban sentimita 9 kwa 14. Nakala za siku hizi aghalabu hufika 10 kwa 15. Chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, karatasi inayong'aa buluu kali huwa ni ya kuanzia miaka ya 1950 hivi, hata ikivaa sura ya 1905. Hifadhi kwenye mifuko ya plastiki ya polipropilini, si ya PVC, plastiki ambayo huchakaa na kuharibu kadi. Iliyogandishwa kwenye albamu usiibandue kwa nguvu: karatasi ya nyuma huchanika, na ujumbe huondoka nayo.