Kuitana "kihii" gereji: kosa langu liko wapi?

Ndugu, nimekuelewa. Mafundi wenzako Wajaluo hapo Nakuru huitana "kihii", neno la Kikuyu la mvulana asiyetahiriwa, wakicheka. Wewe Mkikuyu ulipomwita mmoja wao hivyo mbele ya mteja, akanuna, na mpaka leo hakusemeshi.

Neno ni lilelile, ila vinywa ni tofauti. Wao wakijiita hivyo wanajitania. Likitoka kwako linamkumbusha Naivasha, Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wanaume Wajaluo walipotahiriwa kwa nguvu barabarani, wengine wakafa. Hukuwepo, najua, lakini hawezi kulisikia kutoka kwako bila hayo.

Muktadha hubadilisha maana kweli. "Madoadoa" kwenye kitenge ni urembo. Kwenye jukwaa la siasa Bonde la Ufa limetumika kuwaita majirani wa makabila mengine, ili wafukuzwe, na Januari 2022 seneta alikamatwa kwa kulitamka Eldoret.

Mvute kando, mwombe radhi, na usithubutu kuongeza "lakini nyinyi wenyewe huitana hivyo". Akikusamehe, hata akikuambia endelea tu, liache: ruhusa yake haimfungi fundi mwingine anayekusikia.

Kwenye WhatsApp usiliandike kabisa. Kicheko hakionekani huko, na ujumbe husambazwa. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inatoa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3 kwa matamshi ya chuki, au vyote viwili. Mambo yakigeuka vitisho, mwambie mwenye gereji mapema. Ukiandikiwa barua au kuitwa polisi, tafuta wakili kabla ya kujieleza.