Kazi Moja, Majina Matatu: Jedwali Lililoniliza

Juzi mdogo wangu mmoja kaniandikia: "Dada, nina jeni 212 za mtama zilizoamka wakati wa ukame. Kazi zake niziandikeje?" Ujumbe ule ulinirudisha kwenye chumba kimoja cha joto hapa Dodoma, mbele ya msimamizi wangu.

Jedwali langu la jeni na kazi zake lilinichukua mwezi mzima. Safu ya kazi niliijaza kwa maneno yangu: mstari huu "kustahimili ukame", ule "upungufu wa maji", mwingine "kukauka". Kompyuta haijui kwamba hayo ni mamoja. Ikahesabu makundi matatu dhaifu, na jambo nililolitafuta likapotea. Msimamizi akafunga rasimu, akasema mbele ya wenzangu kwamba nimeleta hadithi. Nililia kwenye daladala. Bado linauma.

Wakulima wawili wa Hombolo wanaweza kuuita mtama mmoja kwa majina mawili na wakaelewana, maana wanaonyeshana suke. Sisi wa jeni hatuna suke la kuonyeshana, tuna namba. Ndiyo maana mwaka 1998 watafiti wa nzi wa matunda, hamira na panya walianzisha Gene Ontology, msamiati mmoja wenye matawi matatu: kazi ya molekuli, mchakato wa kibiolojia na sehemu ya seli. Yale majina yangu matatu yote yaliingia kwenye GO:0009414, mwitikio wa kukosa maji. Nilirudia mstari kwa mstari, kundi likasimama. Mwaka huu makala yangu imekubaliwa, na nasema hivyo kwa fahari.

Basi mdogo wangu, andika namba, usiandike maneno yako. Halafu tazama safu ya ushahidi, ambayo wengi wanairuka. IDA maana yake mtu alipima maabara. IEA maana yake kompyuta imekisia, hakuna aliyeikagua moja moja. Jeni nyingi za mtama zimepewa kazi kwa kufanana tu na za Arabidopsis, kimmea kidogo cha maabara, au mpunga, mimea ambayo haijaliona jua la Chamwino! Usimwambie mkulima kwamba jeni fulani inahimili ukame kwa sababu ya IEA peke yake. Mkulima atapanda kwa kukuamini, na mvua zetu ni za msimu mmoja.

Nitumie jedwali lako kabla hujampelekea msimamizi. Zile 212, tuanze kwa kuhesabu ngapi ni IEA.